Duka Lenye Milango Miwili

Mwezi haujatimia tangu Ijumaa ile ambayo, baada ya sala ya alasiri, mbele ya hadhara ya wazee ambao baadhi yao walinibeba nilipokuwa mchanga na mmoja wao ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma, niliwaonyesha wote kwa pamoja, juu ya shuka iliyotandazwa ukutani kwa madhumuni ya kheri, mwanamke asiye na mtandio, mabega wazi, mwenye tabasamu la uchokozi, ambaye kwa mujibu wa maandishi yaliyokuwa chini yake alikuwa akitafuta mchumba asiyekaa mbali. Tulikuwa tumekusanyika kufungua tovuti ya duka la halua la ami yangu.

Shuka yenyewe ilikuwa ya mke wa ami, nyeupe, iliyotariziwa mawaridi mekundu pembeni, nayo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo pekee nyumbani iliyokuwa pana ya kutosha na isiyo na michoro katikati. Hakuna miongoni mwetu aliyepata kufikiri kwamba mwanamke akitokea juu yake ataonekana amelazwa baina ya mawaridi. Projekta iliazimwa skuli. Ubani ulifukizwa, kahawa ikamiminwa, sinia la halua ya zafarani likazungushwa likarudi tupu, na maalim akasoma Fatiha na kumwomba Mola aijaalie kazi hii baraka na wateja wenye kulipa, wazee wakaitikia Amin kwa nguvu zaidi penye wateja wenye kulipa. Ami, ambaye alivaa kanzu yake ya Idi ijapokuwa Idi ilikuwa mbali, aliniashiria niandike anwani. Niliiandika herufi kwa herufi, kwa taadhima, nikiisoma kwa sauti ili hadhara ijifunze.

Mwanamke akatokea.

Kimya kilichofuata sitakieleza. Mzee mmoja, ambaye macho yake yameingia ukungu, aliuliza kwa unyofu kabisa kama huyo ndiye mpimaji mpya wa dukani. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Maalim aliinamia finjani yake akaitazama kwa makini makubwa, ingawa ilikuwa tupu. Ami alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, zima," lakini sikuzima, kwa sababu nilikuwa na ushahidi mfukoni: nilitoa simu yangu, nikaandika anwani ile ile, na papo hapo ikafunguka tovuti tuliyoihangaikia, na halua yake ya lozi na ya ufuta, na vikapu vyake vya ukili, na bei zake, na picha ya marehemu babu amesimama kando ya sufuria ya shaba na mwiko mkononi. Nilimkabidhi maalim simu. Akaitazama simu, akaitazama shuka kwa pembe ya jicho, akairudia simu.

"Anwani ni moja?"

"Ni moja, maalim."

"Herufi kwa herufi?"

"Herufi kwa herufi."

Akanirudishia simu yangu kwa ncha za vidole. "Basi duka hili lina milango miwili," alisema, "na mmoja hauna heri."

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu jambo lililonifedhehesha ni jambo zuri ajabu, na lau lingalimpata mtu mwingine ningalilihesabu miongoni mwa hekima kubwa za karne iliyopita. Mashine za intaneti hazitambuani kwa majina. Hutambuana kwa nambari, na majina tuyaandikayo ni kwa ajili ya udhaifu wetu wanadamu tusioweza kuhifadhi nambari. Hapo mwanzo, majina ya mashine zote za ule mtandao wa Marekani uliokuwa mzazi wa intaneti, pamoja na nambari zake, yaliandikwa katika daftari moja, lililotunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California na Bibi Elizabeth Feinler na wasaidizi wake. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliwapelekea habari, nao wakaongeza mstari, na mashine zote nyingine duniani zikanakili daftari upya. Mtandao ulipokua, daftari likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango unaotumika mpaka leo, ambao siri yake, nami naitamka kwa heshima, ni kwamba pasiwepo yeyote ajuaye yote.

Mgeni akishuka Malindi na kuulizia nyumba ya fulani bin fulani, aliyeulizwa haijui nyumba, lakini anamjua mtu wa Mkunazini anayewajua watu wa mtaa ule. Wa Mkunazini naye haijui nyumba, lakini amjua muuza duka wa kona. Na muuza duka ndiye amwonyeshaye mlango. Hivyo ndivyo liulizwavyo jina la tovuti. Juu kabisa zimo seva za mzizi, zenye majina kumi na matatu, kila jina herufi moja, tangu A hata M, nazo hazina habari ya halua yetu wala ya kitu chochote kiuzwacho duniani. Zajua tu ni nani aulizwe juu ya majina yote yaishiayo kwa .com, na nani juu ya yale ya .tz, na kadhalika. Huyo naye ajua tu ni seva gani imekabidhiwa jina letu. Ya mwisho ndiyo itoayo nambari. Safari nzima, ambayo yaweza kuvuka bahari mbili, hukamilika kabla mtu hajainua kidole chake kutoka kwenye kibonyezo, na ninapoifikiria hupatwa na mshangao ambao watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kuuchoka.

Walakini kuuliza upya kila mara kungeziua seva za juu kwa maswali, na kwa hiyo kila jibu hutolewa pamoja na umri wake, uliohesabiwa kwa sekunde. Jibu lenye umri wa sekunde 86,400 huishi mchana mmoja na usiku wake. Kampuni ya intaneti iliyoulizia hulihifadhi, na kila mteja wake ajaye kuuliza jina lile hupewa jibu lile lile kutoka ghalani, bila ya mtu kusumbuliwa huko juu, mpaka umri uishe. Ni tadbiri ya busara ambayo sina neno nayo.

Sasa, ami alikuwa na shauku. Kila alfajiri, akitoka msikitini, alipita dukani, akawasha kompyuta na kuandika anwani aone kama wajenzi wamefika, na Ijumaa ile hakuacha ada yake. Saa ile jina letu lilikuwa limekwisha kununuliwa lakini halijaelekezwa popote, na majina ya namna hiyo aghalabu hukaa katika kiwanja cha muuzaji, naye muuzaji, asiyependa kuona ukuta mtupu, huupangisha kwa wenye matangazo. Ami, kwa uchache wa Kiingereza chake na wingi wa adabu yake, alipouona ukurasa wa kigeni aliufunga mara moja, akijua tu kwamba wajenzi bado. Fundi wa tovuti aliligeuza jina likaelekea kwenye seva yetu muda mfupi kabla ya sala ya Ijumaa. Lakini kampuni iliyotuletea laini ya dukani ilikuwa imekwisha kuulizwa na ami tangu alfajiri, na ghalani mwake ilikuwa na jibu changa, zima, lenye siha, la kuishi mpaka alfajiri ya Jumamosi. Simu yangu ilitumia bando la kampuni nyingine, ambayo haikupata kulisikia jina hilo. Ikauliza upya, ikapewa jipya. Shuka na simu zilijibiwa kweli zote mbili, kila moja kweli ya wakati wake, na aliyemleta yule mwanamke barazani alikuwa ami mwenyewe kwa uchaji wake wa kuamka mapema.

Niliyaeleza haya yote pale pale, nikianzia California, pamoja na mwaka 1983. Hayakusaidia. Nilipofika kwenye seva za mzizi, wazee walikuwa wanatafuta makubadhi yao, na yule mwenye ukungu wa macho aliniuliza kwa upole mlangoni kama binti yule ni wa ukoo gani.

Jumamosi asubuhi mwanamke alikuwa ameondoka kwa hiari yake, wakati hapakuwa na shahidi hata mmoja.

Yaliyofuata hayakufikia cheo hicho. Ramani ililiweka duka baharini, baina ya Unguja na kisiwa cha Chapwani. Ukurasa wa historia yetu ulibakia na yale maneno ya Kilatini ambayo wachapaji hujazia nafasi, yaliyokatwakatwa kutoka katika kitabu cha Cicero, na mteja wa Maskati akapiga simu kuuliza kama ni talasimu. Barua ya kwanza iliyopitia kwenye fomu ya maagizo, ambayo ami aliniamsha usiku nimsomee, ilitoka kwa mtu aliyeahidi kutupandisha ukurasa wa kwanza wa Google kwa malipo ya kila mwezi. Ya pili ilitoka kwa mshindani wake.

Kisha tukataka kubadilisha nambari ya simu iliyokosewa, jambo la dakika moja, na hapo ndipo tulipojua tumekaa wapi. Muuzaji wa majina hupokea kadi za benki za namna fulani tu, na siku ile ya kulinunua jina kadi ya ami, mtu asiyepata kudaiwa hata thumuni, ilikataliwa bila sababu kutajwa. Fundi, kijana mwenye maneno matamu, akasema si kitu, atalipia kwa kadi yake na kurudishiwa. Alirudishiwa siku ile ile. Lakini kadi ilipokwenda ilikwenda na jina lake, na anwani yake, na barua pepe yake, na katika daftari la muuzaji mwenye mali ni yeye. Tulimwandikia muuzaji, tukampelekea picha ya leseni ya biashara na picha ya kibao cha mlangoni. Akatujibu kwa adabu iliyosafishwa kwamba habari za jina hilo huzungumzwa na mmiliki aliyeandikishwa peke yake. Tulipomwendea mmiliki aliyeandikishwa, alituambia kuhamisha jina ni kazi, na kazi ina ujira, na akataja ujira uliokaribia gharama ya tovuti nzima.

Jina lenyewe ni la babu. Liliandikwa juu ya mlango kabla ya Mapinduzi, kwa rangi ya mafuta, na aliyeliandika alilipwa mara moja, akabeba kopo lake akaenda zake, wala hakubaki na jina. Babu aliungua mikono yote miwili kwa samli ili jina hilo liwe na maana kwa watu, na leo lipo katika milki ya kijana ambaye hajapata kuushika mwiko, kwa sababu ya kipande cha plastiki. Wala hata sisi tungelipata, lisingekuwa letu: jina la .com hukodiwa, kwa mwaka au kwa miaka, isiyozidi kumi kwa mkupuo, na mwaka wa kwanza huwa na bei ya kumvutia mgeni na wa pili bei ya kumkamua mwenyeji. Huu ni uchumi wa ajabu, ambamo mwenye jina hulipia jina lake milele na mlinzi wa lango hana alichokipika. Nimejitahidi kuuona uchekeshaji wake sijauona.

Ami alitaka kujua kama tunaweza kungoja kijana asahau kulipa. Nilimweleza kwamba baada ya muda wa jina kwisha na muhula wa muuzaji kupita, huja siku 30 ambazo mwenyewe aweza kulikomboa kwa faini, kisha siku tano ambazo hakuna awezaye kuligusa, kisha huachiwa huru, na kwamba kwenye saa hiyo ya kuachiwa kuna mashine zinazovizia, zisizolala wala kuswali, ambazo ami hataziwahi kwa kompyuta ya dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wazee hawakunifanyia.

Juzi simu ya dukani ililia. Alikuwa fundi wetu, kwa sauti ile ile tamu, anaagiza kilo arubaini za halua ya zafarani kwa ajili ya harusi yake, kwa kuwa bibi harusi na mamake wamesema haitaliwa halua ya duka jingine. Ami alimpongeza, akamwombea wake na watoto wema, akamwandikia bei kamili bila ya punguzo, kisha akamwarifu kwamba halua itapikwa kwa wakati wake na itapimwa siku lile daftari la muuzaji litakaposomeka vingine. Kijana amesema atafikiri. Harusi ni Mfunguo Mosi, na mama wa bibi harusi amekwisha kupita dukani mwenyewe kuonja.