Neema ya Kupatanishwa Baada ya Kupatana

Wapo wanaodhani kwamba mume na mke waliokwisha kukubaliana kuachana, wakagawana masufuria na kupanga malezi ya watoto bila hata wakili, hawahitaji tena msuluhishi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiwaachi wapotee hivyo, kwani kwa kawaida huwataka kwanza wafike mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa, yaani chombo cha kupatanisha wanandoa waliogombana, nalo, likishashindwa kuwapatanisha watu wasiogombana, huwapa hati ya kuthibitisha kushindwa huko. Kufunga ndoa, jambo dogo la maisha yote, kulihitaji notisi ya siku 21 tu. Baada ya baraza, mahakama, ambayo kwake makubaliano si sababu ya talaka, hudai uthibitisho kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, mtihani ambao wagomvi huufaulu kwa urahisi, ilhali wastaarabu hawa, wasio na tusi wala kovu la kuonyesha, hukesha wakisaidiana kwa upole kukumbuka nani alimkosea mwenzake.