Kuhesabu Ujirani

Mtaji wa kijamii, yaani ile hali ya watu kuaminiana na kufaana, hauonekani wala haushikiki. Anayetaka kuupima hana budi kuhesabu kitu kingine badala yake. Mwaka 1995 vijiji vya Tanzania viliangukiwa na bahati ya kupimwa hivyo. Katika utafiti uliochambuliwa na Deepa Narayan na Lant Pritchett, wakati huo wa Benki ya Dunia, kaya ziliulizwa zimo katika vikundi gani: vya dini, vya wanawake, vya kuzikana, hata chama cha siasa. Vikundi vikajumlishwa, sifa zake zikapewa alama, kikapatikana kipimo. Nacho kikaonyesha kwamba vijiji vyenye mtaji huo mwingi vina kipato kikubwa zaidi.

Matokeo si ya kubeza. Ila dodoso la namna hii halimwoni jirani anayegawa chumvi usiku bila kuandikishwa popote, ilhali mwanachama wa vikundi vitatu anayekwepa michango yote huhesabiwa tajiri wa mshikamano. Mwanakijiji akiulizwa kama anawaamini wenzake, naye mwenyekiti wa kitongoji amekaa pembeni, hujibu ndiyo. Jibu huingizwa kwenye kompyuta kama 1, na kuanzia hapo huitwa data.