Nyumba Inauzwa, Chunga Kichwa

Nyumba ya kale huuzwa na wanaoikimbia kwa wanaoikimbilia. Kwetu Lamu biashara hiyo huchangamka kaskazi inapoanza kuvuma. Wageni hushuka gatini wakitoka Mokowe au kiwanja cha ndege cha Manda, wakazunguka vichochoroni siku mbili, wakanywa maji ya ukwaju juu ya paa la mtu, na siku ya tatu wakaanza kuulizia bei ya paa lenyewe.

Sisi tunalo moja la kuuza, pamoja na nyumba iliyo chini yake. Iko Mkomani, kwenye mtaa wa mawe. Bibi yetu alikabidhiwa na babake siku ya harusi, maana desturi ya wenye nyumba za mawe ilikuwa hivyo: binti hahamii kwa mume, mume ndiye hufuata nyumba. Bibi alifia humo bila kugawa kitu. Mirathi ilipopigwa hesabu tukatokea warithi 19, kuanzia Shangazi anayeishi humo mpaka watoto wa ami yangu wa Jeddah, ambao nyumba wameiona kwenye simu tu. Fungu langu nimelipiga hesabu kwa kalamu, kisha kwa kutazama. Linakaribia ngazi ya kutoka kiwandani, yaani uani, hadi dari ya kwanza, ukiacha vile vidato viwili vya juu vilivyomomonyoka, ambavyo warithi wengine wamenikubalia bila ugomvi.

Kwa kuwa miye ndiye niliye karibu, kazi ya kupokea wanunuzi imeniangukia. Naishi Wiyoni, kwenye nyumba ya matofali ya saruji yenye bati juu na feni tatu chini. Dalali akipata mtu hunipigia simu, nami nampigia Shangazi, naye kila mara hujibu vilevile: "Nawaye, wangalie, wende zao."

Dalali wetu ni mtu mkweli kwa namna yake. Hasemi uongo juu ya nyumba, huiongezea umri tu. Mnunuzi akija na kandambili, nyumba ina miaka 200. Akija na viatu vya ngozi, ina 300. Alikuja bibi mmoja wa Kifaransa na saa ya dhahabu mkononi, nyumba yetu ikafika 500 kabla hajamaliza kuvua viatu. Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za mawe zilizobaki Lamu ni za karne ya 18, wakati mji ulipokuwa na fedha, majahazi na washairi, kabla hata Ngome haijaanza kujengwa mwaka 1813. Miaka 250 ingemtosha mtu yeyote mwenye adabu. Lakini dalali anasema miaka haitozwi kodi. Na tangu mwaka 2001, UNESCO ilipoutia Mji wa Kale kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, amepata neno jingine, nalo hulitoa kila anapofungua bomba na maji yasitoke.

Ziara huanza na mlango wa ngazi. Waliojenga nyumba hii hawakuwa warefu, au walikuwa wanyenyekevu, kwa sababu kizingiti cha juu kinamfika kijana wa siku hizi kwenye kipaji cha uso. Shangazi amekaa darini, akisikia nyayo tu, hupiga kelele: "Kitwa!" Bahati mbaya, wanaohitaji onyo hilo hawajui Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na kwa heshima yao husimama wima wapate kumsikia vizuri.

Kwa mhandisi wa Nairobi hatukufika hata hapo kwenye ngazi. Alikuwa mtu makini, mwenye kipimo cha utepe na daftari, na jambo la kwanza aliloulizia, tukiwa bado tumesimama uani, lilikuwa pa kuegesha gari. Jibu likaingia lenyewe. Punda wa jirani, mgongoni ana magunia mawili ya mchanga, alikuwa amejikinga jua kwenye daka letu. Akaona mlango wazi, akaendelea. Hapa lazima nieleze ujenzi kidogo. Kuingia nyumba ya Kiamu unapita daka lenye vikalio vya mawe, kisha tekani, na tekani imepindwa makusudi ili mpita njia asione walio ndani. Ni ufundi wa sitara, wataalamu wanausifu. Ila fundi hakumfikiria punda. Punda mwenye mzigo akishapinda kona ile hana pa kugeukia, wala hajui kurudi kinyumenyume. Njia yake ni moja, kwenda mbele mpaka kiwandani, alikosimama mhandisi na daftari lake. Kiwanda chetu si kikubwa. Punda aligeuka polepole, magunia yakipangusa kuta zote nne kwa zamu, na mhandisi akizunguka mbele yake kwa mwendo uleule mpaka wote wawili wakawa wameelekea nje. Walitoka hivyo hivyo, mhandisi akitangulia. Kipimo cha utepe tunacho bado.

Wanunuzi wa aina ya pili ni wasomi, na hao mimi nawaogopa zaidi. Huja na picha za kitabu cha Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeuandikia mji wetu kitabu kilichotoka mwaka 1975, nao huijua nyumba kuliko tuliozaliwa humo. Mmoja, Mwitaliano mwenye sauti ya upole, alimweleza Shangazi kwamba jiko lake liko mahali pasipo pake. Jiko la nyumba hizi huwa juu kabisa, chini ya makuti, moshi upate kwenda zake. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama kitabu kinasema nani atakayeubeba mtungi wa gesi mpaka huko juu, maana goti lake halijakisoma.

Hao ndio wanaopenda zidaka. Ukifika chumba cha nyuma kiitwacho ndani, ukuta mzima ni vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu na kuchongwa kwa subira ambayo leo huwezi kuinunua. Zamani vilipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Wapo wasemao vilikuwa vya kufukuza husuda na majini, wapo wasemao ni vya kukipa kina chumba chembamba. Shangazi anaweka humo dawa za presha, chaja, bahasha za risiti za stima na meno yake. Yule Mwitaliano alipiga picha kila kidaka, na alipofika kwenye meno akanyamaza kidogo, kisha akapiga hiyo nayo.

Wembamba wa vyumba ndio unaovunja mauzo mengi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziendi mbali zaidi ya mita 3 hivi, basi chumba unaweza kukirefusha upendavyo lakini upana wake ni mkoko ndio unaoamua. Watu huja na vitanda vyao kichwani. Wakipima, wanakuta kitanda kikiingia mwenye kitanda hana pa kupita. Mmoja akapendekeza tubomoe ukuta wa katikati apate nafasi. Dalali, ambaye kwa kawaida hukubali kila kitu, alishika ukuta kwa mikono miwili. Ukuta ule umebeba boriti, na boriti zimebeba Shangazi. Tena hizo zilizopo hazina hali nzuri. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti, mikoko ya Lamu ikiwemo, na katazo lilipokuja kuondolewa kwa mikoko yetu mwaka uliofuata, boriti moja ya darini ilikuwa imekwisha kukata shauri. Sasa imeegemezwa nguzo, na dalali huwaambia wageni kwamba nguzo hiyo ni ya asili.

Kisa cha nyumba ya kati sikukitarajia. Hicho ni chumba kidogo kilicho nyuma ya ndani, kimya, baridi, hakina dirisha. Mke na mume kutoka Ulaya, vijana, wenye fedha, walikipenda kuliko nyumba yote. Walisema watakifanya chumba cha kusinga, wataweka mishumaa na mafuta ya nazi. Dalali alikuwa tayari ameanza kuitikia. Shangazi, aliyekuwa akipita na buli la kahawa, akauliza wanasema nini, nikamweleza. Akafurahi. Akaniambia niwaambie kwamba ni chumba chema sana cha kulaza mtu na kumpaka vitu, kwani ndimo walimooshwa maiti wote wa nyumba hii: mama yake, bibi yake, na babake bibi yake aliyekuwa mzito mpaka ikahitaji watu sita. Nikatafsiri kama nilivyoambiwa, sikuona sababu ya kupunguza. Walishuka ngazi kabla kahawa haijamiminwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze biashara hii hakuna aliyegonga kichwa, kwa namna walivyokuwa wameinama kwa haraka.

Birika la choo limetugharimu mnunuzi mmoja tu, mama wa Nairobi aliyetaka kunawa mikono akakutana na samaki. Samaki wale wadogo wamo humo kwa kazi, wanakula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika kumejengewa bakuli la kaure ili maji yakipungua wao wapate pa kujisitiri. Ni mpango wa akili sana, na nilimweleza hivyo kupitia mlango, kwa sababu alikuwa amejifungia nje akiwa amekamata kitasa. Jambo lililotusumbua ni kwamba dalali alilitaja bakuli kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja wa wale wa Jeddah alituma sauti ya dakika saba akitaka bakuli ling'olewe, lipigwe mnada, fedha zigawanywe kwa sheria. Hakuna aliyeuliza habari ya samaki.

Binamu yangu yeye aliamua kuisaidia nyumba ipendeze. Alikuja na mifuko ya saruji akaziba kila palipokwanguka. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka kwa hiari yake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hukosa njia, hukusanyika nyuma, na siku ikifika hutoka na saruji yenyewe. Siku ilifika wakati mzee mmoja wa Kijerumani anakunywa chai. Kipande kiliangukia sinia, si mzee, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, ingawa Shangazi alisema sinia ilikuwa na thamani zaidi.

Mzee huyo ndiye aliyekaribia zaidi kununua. Alipangusa vumbi, akacheka, akauliza masharti. Dalali akamweleza kwamba kwa Katiba ya 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele; anapewa kwa kukodi, isizidi miaka 99. Shangazi akataka kujua uso wa mgeni umebadilika kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu ya ile miaka 99. Akamtazama yule mzee, mvi zake, fimbo yake, miguu yake iliyovimba kwa joto, akaniuliza kwa sauti ya huruma: "Haitamtosha?"

Nisiulizwe kama nyumba hizi zina uzuri au hazina. Saa nane mchana, bati la Wiyoni likiwa limepamba moto na feni zangu tatu zinasukumiana hewa ileile, mimi huenda Mkomani kulala. Ukuta wa nusu mita ya matumbawe hauna habari ya jua la nje. Unalala msanani, chumba kinachotazama kiwanda, kwenye mkeka, unasikia kelele za mtaa zikipita chini bila kuingia, upepo unaingia kutoka kiwandani, na kwa saa moja unasahau kwamba juu yako kuna boriti iliyochoka. Utulivu huo ndio wageni wanaounusa siku ile ya pili, nao hawakosei. Wanachokosa kujua ni kwamba nyumba ya namna hii humtaka mtu kila siku: wa kuzibua mfereji, wa kufukuza popo, wa kutia chokaa kabla ya masika, wa kumwambia punda arudi. Nenda Shela, kijiji jirani, uone. Nyumba zilizonunuliwa na wageni huko zimetengenezwa vizuri mno, milango imepakwa mafuta inang'aa, na baadhi yake sehemu kubwa ya mwaka hazina anayewasha taa. Yetu inapukutika, lakini kila magharibi taa inawaka na mtu anagombana na jirani dirishani. Kati ya hizo mbili sijui ningependa kuwa ipi kama ningekuwa nyumba. Kama mrithi wa ngazi, ningependa fedha.

Basi, msomaji, kama umenogewa, njoo. Njoo asubuhi, jua halijakuwa kali, bila gari, bila kitanda, na uiname kabla ya kuambiwa. Dalali akikwambia miaka 500, kata nusu, ya umri na ya bei. Kahawa utanyweshwa, halua pia, na Shangazi mwenyewe atakuonyesha kila chumba kwa moyo mkunjufu. Ujue tu kwamba sahihi zinazotakiwa ni 19, zilizopatikana ni 18, na huyo anayekumiminia kahawa hana kalamu.