Namna ya Kumfukua Mlinzi Aliyezikwa Hai

Maziko yana utaratibu wake, ila ya chaji kontrola ya sola yamepinduliwa: marehemu huzikwa kwanza, ndipo afe. Kiwandani, daiodi ya ulinzi humwagiwa resini ikiwa nzima, ili unyevu, vumbi na sisimizi visiifikie bodi. Baadaye sana mteja anakuletea kiboksi kisichowaka, ndani kumejaa tonge jeusi, anauliza kama kitapona leo. Mpe kiti. Kabla hujagusa bisibisi kuna maswali ya kumuuliza.

La kwanza: paneli ni ile ile ya zamani? Vifo vingi vina asili hapa. Kontrola ndogo ya volti 12 hutarajia paneli ya seli 36, ambayo bila mzigo hutoa volti 21 au 22. Mteja amepata paneli ya seli 60 kwa bei nzuri, akaifunga hapo hapo. Hiyo hutoa karibu volti 37. Daiodi ya kuzuia mshtuko wa umeme, mathalani ya jamii ya 1.5KE, husifika kumeza wati 1500. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kazi ya mfululizo, uwezo wake ni wati chache tu. Sasa piga hesabu: ikizuia volti zisivuke 30 huku paneli ikisukuma ampea 8, hizo ni wati 240 bila mapumziko. Mlinzi aliajiriwa kupambana na mshtuko wa radi, akapewa jua la kutwa nzima.

La pili: nani alifunga betri, na fyuzi iko wapi? Betri ikigeuzwa, daiodi iliyolazwa kati ya chanya na hasi hufunguka, hupitisha mkondo mkubwa, na fyuzi hukatika. Huo ndio mpango. Ukikuta fyuzi imezungushiwa uzi wa shaba, muuaji umempata, tena ni fundi mwenzetu. Mwambie mteja ukweli huo na uweke fyuzi halisi.

Sasa chukua mita. Ondoa paneli, betri na mzigo, subiri kapasita zimalize chaji, kisha pima kwenye terminali kwa alama ya daiodi, pande zote mbili. Sifuri huku na huku maana yake kuna shoti. Lakini usiitangaze daiodi bado: mosfeti iliyoungua husoma vivyo hivyo. Hata namba nzuri ya 0.5 inaweza kukuhadaa, kwani mosfeti nzima ina daiodi yake ya ndani, na huenda ndiyo inayokujibu huku mlinzi amepasuka na kuacha pengo. Tafuta kontrola nzima ya aina ile ile, ulinganishe terminali kwa terminali. Kama ni shoti, ingiza volti moja kutoka kwenye pawa saplai uliyoiwekea kikomo cha ampea moja, halafu papasa resini polepole. Joto husambaa likipanda, kwa hiyo pahali panapoanza kupata moto ndipo pa kuamini, kabla tonge zima halijawa vuguvugu.

Kufukua kunategemea udongo. Bonyeza kwa ukucha. Ikibonyea kama mpira, yaelekea ni silikoni. Moto hauisaidii, ikate na kuibandua kwa kijiti cha mianzi. Ikiwa ngumu kama jiwe, huenda ni epoksi: ipashe kwa hewa ya moto, nyuzi 120 hadi 150, uimegue kidogo kidogo. Usipande zaidi, maana risasi ya kawaida ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 183, nawe utang'oa spea nzima pamoja na resini. Ila kuna poliyurethani, na kwa macho si rahisi kuitambua. Ikichomwa hutoa mvuke wa isosianeti, unaoweza kudhuru mapafu kwa kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Fanyia nje penye upepo, na kama hujui umeshika nini, kata bila moto. Hakuna kontrola yenye thamani ya pumzi ya kijana anayejifunza kazi kando yako.

Ukimfikia marehemu, soma maandishi yake kabla hujamtupa. Herufi A mwishoni mwa namba ya 1.5KE ni ya upande mmoja, mstari wake uelekee chanya. CA ni ya pande mbili. Weka ya namba ile ile. Kuikata na kuliacha pengo wazi, kwa kuwa kontrola inawaka bila hiyo, ni kumdhulumu mteja. Mshtuko unaofuata utaingia moja kwa moja kwenye mosfeti.

Jaribu kabla ya kufunika. Kisha funika kwa silikoni isiyonuka siki, kwani ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula shaba. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kiboksi kiwango cha juu cha volti za paneli, kwa tarakimu kubwa.

Viwanda navyo vina deni kwetu. Daiodi ni kitu cha bei ndogo kilichowekwa hapo kwa kujua kwamba siku moja huenda kikafa. Kiwekwe nje ya resini, kwenye terminali zake chini ya kifuniko cha skrubu mbili, na namba yake ichapwe pembeni, ili fundi wa kijijini akibadilishe bila kuvuta mvuke wowote.