Umepangiwa Fildi Jumba la Sanaa? Soma Hapa Kwanza

Ukipangiwa fildi benki utavaa tai. Ukipangiwa halmashauri utapewa kiti, uambiwe usubiri. Ukipangiwa jumba la sanaa la mtaa utapewa ufagio, na kabla hujamaliza kufagia utakuwa umeshakabidhiwa ngazi, nyundo, funguo za stoo na mgeni anayetaka kujua kinyago kile kirefu bei yake ya mwisho ni ngapi. Usiogope. Majumba haya huendeshwa na watu watatu wanaofanya kazi ya watu kumi na wanne, na kuanzia leo wewe ndiye wa nne.

Nakuandikia wewe uliyetoka TaSUBa kule Bagamoyo, au idara ya sanaa pale Mlimani, au chuo cha masoko, maana hata wa masoko huletwa na tunawahitaji. Una barua ya mafunzo kwa vitendo mkononi na shati jeupe mwilini. Anza na shati: kalibadilishe. Wachoraji wengi wa Dar es Salaam wanatumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile inayopakwa mageti na baiskeli, nayo ikishika kitambaa imeshika. Mafuta ya taa yataitoa kwenye vidole. Kwenye shati yatakuachia doa na harufu.

Sasa ufagio. Fagia kabla picha hazijatundikwa, maana vumbi linalopanda litatua juu yake. Picha haifutwi kwa kitambaa chenye maji, hata kama mtu mzima amekuagiza uing'arishe. Tumia brashi laini iliyo kavu, toka juu ushuke chini, na ukifika mahali rangi imeanza kubanduka acha, mwite mkubwa. Jiji letu lina joto, unyevu na chumvi ya bahari hewani, kuvu wanastawi. Kwa hiyo bandika vipande vidogo vya mpira nyuma ya picha, pembe za chini, isilalie ukuta na hewa ipate njia. Ukimaliza picha, pitia vinyago kimoja kimoja. Ukikuta unga laini chini ya kinyago, usiufagie ukaenda zako. Kuna mdudu ndani anakula. Kiondoe kinyago hicho kati ya wenzake siku hiyohiyo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisha toa taarifa.

Mpingo wenyewe hauliwi kirahisi, lakini si kila cheusi ni mpingo. Ipo miti mingine inayochongwa, ikapakwa rangi ya viatu, ikapandishwa bei. Geuza kinyago, sugua chini kwa kitambaa cheupe, uone kama kitambaa kinarudi cheusi. Kipakate pia: mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama, ingawa kazi ya msanii hupimwa kwa mikono na si kwa ndoo. Wachongaji wengi huacha kwa makusudi ukanda mwembamba wa mti wa nje, ule wa rangi ya maziwa, ili mnunuzi aone kuwa weusi wa ndani ni wa kuzaliwa. Jifunze hayo wiki ya kwanza. Mgeni atakuuliza, na kama kinyago si cha mpingo mwambie si cha mpingo. Jumba linalodanganya mara moja halirudiwi.

Utafika wakati wa kutundika, na hapo ndipo undugu wa watu hujaribiwa. Wewe uko juu ya ngazi, chini wako wanne, na kila mmoja anasema "kushoto kidogo" akimaanisha upande wake. Njia ya kumaliza ubishi ni hesabu. Kitovu cha picha kikae kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima wa kimo cha kawaida. Chukua picha ya sentimita 60 kwenda juu: nusu yake ni 30. Vuta waya wa nyuma kwa kidole, pima umbali kutoka waya ulipokunjika hadi ukingo wa juu. Tuseme ni 8. Basi 150 jumlisha 30, toa 8: msumari unaingia sentimita 172. Weka alama kwa penseli, kagua kwa pima maji, vaa miwani ya kazi kwa sababu ukuta wa tofali za saruji hurusha vipande, na tumia misumari ya zege. Wa mbao utapinda, utachimba shimo, na shimo hilo litakuwa lako kuliziba. Kama maonesho ni ya watoto wa shule ya msingi, shusha picha zote. Anayeangalia ndiye anayepimiwa.

Hesabu ikishindwa, kwa mfano ukuta wenyewe umepinda, mwite mlinzi. Nasema hivi kwa moyo wote. Mlinzi hukaa na picha usiku na mchana, anajua ipi imehama kwa kidole kimoja, na jicho lake limeshazoea kuta zile kuliko la mtu yeyote. Tena kumbuka George Lilanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, hapa Dar es Salaam, kwa kazi ya ulinzi wa usiku, baada ya kusaidiwa na mjomba wake, Augustino Malaba, aliyekuwa msanii palepale. Yule mlinzi alikuwa mchongaji tangu kwao kusini. Alipopewa nafasi alichonga, akachora, na hadi anafariki mwaka 2005 mashetani wake wenye masikio makubwa na rangi za kuchangamka walikuwa wameshaoneshwa Ulaya, Marekani na Japani. Kwa hiyo asubuhi ukifika getini toa shikamoo kamili, kisha uliza habari za usiku na usikilize jibu.

Sasa tufike kwenye kazi utakayodhani ni ndogo: lebo. Utapewa kompyuta inayochelewa kuwaka, karatasi ngumu, mkasi, na orodha iliyoandikwa na watu watatu kwa miandiko mitatu. Utashawishika kuimaliza haraka uende ukapige picha za kurusha mtandaoni. Kaa hapo. Hiyo kadi ya ukubwa wa kiganja ndiyo jumba lenyewe. Ikikosewa, kazi yote ya ngazi na nyundo imepungukiwa.

Lebo ina jina la msanii, jina la kazi, mwaka, alichotumia, vipimo vikianza na kimo ndipo upana, na bei kama inauzwa. Jina liandike kama mwenyewe anavyoliandika, herufi kwa herufi. Mpigie simu umsomee. Usitosheke na jina la utani analoitwa kijiweni, na usitosheke kabisa na "msanii wa Tingatinga" au "kinyago cha Kimakonde." Huko ndiko tulikopoteza watu. Vinyago vingapi vya ujamaa, vile vya watu waliobebana kizazi juu ya kizazi, viko kwenye makabati ya watu duniani bila jina la aliyeinama juu ya gogo lile kwa wiki kadhaa? Kabila likaandikwa, mtu akaachwa.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi karibu na mwaka 1968, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka isiyozidi mitano. Wanafunzi wake, kina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde, waliendelea, wakafundisha ndugu na watoto, na hadi leo ushirika wao upo Oysterbay palepale. Lakini ukimuuliza mgeni anayebeba picha ya chui mwenye madoa kwenda nayo uwanja wa ndege kwamba imechorwa na nani, atakujibu: Tingatinga. Mchoraji yuko hai, ana simu, ana watoto shuleni, na jina lake limeandikwa kwenye pembe ya chini ya picha anayoibeba. Lebo yako ndiyo inayomfanya mgeni ainame akalisome. Na kwa marehemu mwenyewe, ambaye picha za kughushi jina lake zimejaa sokoni, kumbukumbu zilizoandikwa vizuri tangu mwanzo zingekuwa kinga.

Ukiletewa kazi isiyo na jina, uliza aliyeileta. Asipojua, uliza aliyempa. Ikishindikana, andika "msanii hajatambuliwa" na mahali ilipopatikana. Hilo ni neno la kweli, nalo huacha mlango wazi kwa mtu atakayekuja siku moja aseme: huyu ni baba yangu.

Wasanii wenyewe watakuja kila siku, na swali lao ni moja: "Imeuzwa?" Usikwepe. Fungua daftari, mwoneshe. Kama imeuzwa, mwambie bei, asilimia inayokatwa na jumba na siku ya malipo, na kama hujui asilimia hiyo ukaulize kabla hujaanza kupokea kazi za watu. Mauzo yaandikwe papo hapo, risiti itolewe, na muamala wa simu uende kwenye namba ya jumba, kamwe usiende kwenye yako, hata kama ni kwa dakika mbili tu. Mnunuzi akikuambia anataka kuipiga picha aichape kwenye fulana za kuuza, mweleze kwa upole kuwa amenunua picha, hakununua haki ya kuizalisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, na makubaliano hayo wataongea wao wawili.

Kufunga mzigo nako ni elimu. Siku hizi wengi wanachora kwenye kitambaa cha amerikani, kwa hiyo mteja atataka ikunjwe kwenye bomba. Gusa kwanza ukingoni: rangi ya mafuta hukauka juu upesi huku chini bado mbichi. Ikiwa inanata, mwombe asubiri. Ikiwa kavu, tandika karatasi laini juu yake, iviringishe upande wenye rangi ukiwa nje, juu ya bomba nene. Watu hupenda kuficha rangi ndani wakiamini wanailinda, na ndivyo inavyojikunja hadi kupasuka. Picha kubwa yenye fremu haipandi bodaboda. Upepo wa Daraja la Tanzanite utaonesha ni kwa nini.

Siku ya ufunguzi sitaisema sana, utaiona mwenyewe. Mgeni rasmi wa saa kumi atafika saa kumi na mbili, sambusa zitaisha saa kumi na moja, na umeme una ratiba yake, kwa hiyo angalia salio la LUKU tangu asubuhi. Kazi yako ni kusimama karibu na picha na vibandiko vyekundu mfukoni. Kibandiko kinawekwa fedha ikishaahidiwa kwa jina na namba ya simu, si kwa "nitarudi."

Kazi iliyobaki ndiyo ngumu kuliko zote, nayo haina vifaa. Iko mlangoni. Utamwona mtu amesimama nje, pengine ni fundi cherehani wa jirani au mama anayerudi kuuza vitumbua, beseni bado liko mkononi. Anachungulia, anaangalia viatu vyake, anaangalia sakafu, anaondoka. Miaka yote amepita hapo akiamini ndani ni kwa wazungu na kiingilio ni kikubwa. Usimwache aondoke. Toka, msalimie kwa heshima yake, mwambie: "Karibu ndani mama, ni bure, na viatu ingia navyo." Pokea beseni, liweke mahali salama. Kisha usimhubirie. Mpe nafasi azunguke, na akisimama mbele ya picha moja kwa muda mrefu, muulize anaona nini. Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye maelezo yaliyobandikwa ukutani: kwamba mvuvi aliyechorwa ameshika nyavu vibaya, kwamba khanga ile ya bluu iliwahi kuuzwa Kariakoo, kwamba mchoraji huyu ni mtoto wa fulani wa mtaa wa pili. Yaandike kwenye daftari lako la fildi. Msimamizi wa chuo akija kulikagua akute hayo, badala ya "nilifanya usafi" iliyorudiwa kurasa ishirini.

Watoto wa shule nao watakuja arobaini kwa mpigo, na watagusa. Ukipiga kelele "msiguse" watagusa zaidi. Waandalie kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa, wakipokezane na kupima uzito wake kwa mikono. Ndipo waelekeze kwenye kinyago, waulize mchongaji ametumia nguvu kiasi gani. Mikono itatulia.

Na ninyi wakuu wa majumba haya, ambao mtausoma mwongozo huu begani kwa kijana wenu: mpeni nauli na chakula cha mchana, maana anatoka Chanika au Mbagala kwa mabasi mawili, na hakuna anayepima sentimita 172 vizuri akiwa na njaa. Maonesho yakifunguliwa, pale mnapoorodhesha wafadhili na mgeni rasmi, andikeni pia jina la mlinzi, la fundi wa taa, na la huyo wa fildi. Liandikwe kamili, kama mwenyewe anavyoliandika.