Mheshimiwa Mchwa

Siku hizi sifa ni rahisi. Mtu akikarabati choo cha shule anawekewa kibao chenye jina lake, wapiga picha wanaitwa na kina mama wanapiga vigelegele. Mchwa amekuwa akifanya kazi ya umma tangu kabla ya umma wenyewe kuwapo, na hana kibao popote. Anachoambulia ni oili chafu kwenye nguzo, dawa chini ya jamvi na laana za wenye nyumba. Mimi leo namsifu hadharani, na wenye nyumba mtanivumilia.

Nianze na ukoo, maana kwetu mtu hasifiwi bila kutajiwa kwao. Wengi humwona mchwa wakadhani ni ndugu wa siafu na sisimizi. Hata kidogo. Mchwa ni wa ukoo wa mende. Wataalamu wa wadudu waliishuku nasaba hiyo kwa miaka mingi, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ukakata shauri: mchwa ni mende waliojifunza kukaa pamoja. Ndiyo, mende yule yule wa nyuma ya jiko, mroho, mkimbia taa, asiye na habari na jirani. Wametoka nyumba moja. Mmoja akawa mzururaji wa makabati, mwingine akaanzisha dola, na dola hiyo ina zaidi ya miaka milioni 100. Leo aina za mchwa duniani zinakaribia 3,000, na zile zinazosumbua nyumba za watu ni chache mno kati yake. Lakini nani anahesabu? Akikosa mmoja, wamekosa wote.

Dola yenyewe inaendeshwa kwa adabu ambayo ningependa kuiona kwingine. Malkia wa mchwa wakubwa wajengao vichuguu hunenepa mpaka akawa na urefu wa kidole cha mtu, hawezi kutembea, na kwa siku moja hutaga mayai kwa maelfu. Mfalme yupo pembeni yake chumbani. Dume la nyuki likishampanda malkia hufa palepale. Mfalme wa mchwa hukaa na mkewe miaka na miaka, gizani, bila kudai haki ya kutoka jioni. Hana nyumba ndogo. Kuhusu askari, vichwa vyao ni vikubwa na taya zao ni ndefu kiasi kwamba hawawezi kujilisha, hivyo hulishwa na vibarua. Hapa mchwa wanafanana na serikali nyingi, ila kichuguu kikivunjwa askari hao ndio wanaotangulia mbele. Vibarua wamo wa kike na wa kiume, kwa kawaida wote ni vipofu, wote wanafanya kazi, na hakuna aliyewaandalia semina ya jinsia.

Sasa tuje kwenye ulaji, kwa sababu ndiko anakosemwa zaidi. Mbao, nyasi kavu, karatasi, gunia la katani, shati la pamba: vyote hivyo uti wake ni selulosi, chakula kilichojaa duniani kuliko vyote na ambacho karibu kila mnyama anashindwa kukimeng'enya peke yake. Ng'ombe hukodi vijidudu tumboni. Mchwa naye ana vijidudu vyake, lakini wale wa vichuguu vikubwa waliona havitoshi, wakaingia kwenye kilimo. Kibarua anameza vipande vya mti uliokufa, anavipitisha tumboni harakaharaka, kisha anavitoa na kuvirundika chini ya ardhi kama masega. Juu ya masega hayo anaotesha kuvu aitwaye Termitomyces. Kuvu huyo ndiye anayeivunja lignini, ile gundi ngumu inayoufanya mti uwe mti, na mchwa wanakula kilicholainika pamoja na kuvu mwenyewe. Shamba hilo lilianza hapahapa Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Sisi tulioanza kulima juzi, miaka kama 10,000 tu, tunampa semina za kilimo bora kila mtu isipokuwa yeye. Na mvua zikinyesha, kuvu hutokeza juu ya ardhi kama uyoga, watu wakaenda kuuchuma na kumsifu Mungu. Kule Zambia na Katanga kuna aina ambayo kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja. Mkulima wake haulizwi bei.

Ufundi wake uangalie kwa karibu. Ingia chumba ambacho hakijakaliwa muda, ukaitazame fremu ya mlango. Rangi ya mafuta bado inang'aa. Igonge kwa kifundo cha kidole, utasikia uwazi. Bonyeza kidogo, kidole kinazama, na ndani hukuti mbao tena bali ukumbi mdogo wa udongo mkavu uliogawanywa kwa kuta nyembamba, na nyuzi chache ngumu za mti alizozikataa. Rangi hakuigusa. Ngozi ya mchwa ni laini na hewa kavu inamuua upesi, kwa hiyo popote anapokwenda lazima awe na paa juu yake. Wewe ulipopaka rangi ulimpa paa bure. Ni fundi gani mwingine atakula mlango mzima na kukuachia sura yake?

Pasipo rangi hujifunika mwenyewe. Vile vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kutoka kwenye msingi hadi kwenye kenchi ni barabara zake za kuezekwa. Vunja kipande cha urefu wa kidole usimame utazame. Kwanza vinatokea vichwa vyekundu vya askari, vinakaa ukingoni na taya wazi. Nyuma yao wanafika vibarua, kila mmoja na punje ya udongo uliolowa mate mdomoni, anaibandika, anageuka, anampisha mwenzake. Jioni njia imefungwa. Barabara ikikatika kwao haisubiri bajeti ya mwaka ujao, wala hakuna anayekuja na gari la kifahari kukagua shimo.

Sisi waandishi tuna deni letu maalumu kwake. Waswahili wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, lakini maandishi ya Kiswahili yaliyotufikia yanaanza mwanzoni mwa karne ya 18: barua za Kilwa za mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa, na Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Kabla ya hapo, kimya. Kazi ya kuyafuta ya awali mchwa hakuifanya peke yake, alisaidiwa na unyevu, ukungu, panya na warithi wasiojali, lakini kamati ya uhariri iliongozwa na yeye. Ni mhakiki anayesoma neno kwa neno, haruki utangulizi, hapendelei rafiki zake. Nawajua watunzi kadhaa wa leo ambao ningefurahi kuona kazi zao zikipita mikononi mwake.

Fedha nazo hazimtishi. Mwaka 2011, katika tawi moja la benki wilayani Barabanki, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, mchwa waliingia kwenye chumba cha kuhifadhia fedha wakala noti za takriban rupia milioni 10. Walimwengu wakashangaa. Cha kushangaza ni nini? Noti hutengenezwa kwa pamba, pamba ni selulosi, na mchwa hakuwahi kutia sahihi makubaliano yetu kwamba karatasi ile ina thamani. Ndiye mchumi pekee aliyekadiria noti kwa uzito wake.

Najua kuna watakaonikumbusha hasara. Ni kweli, mtu aliyejinyima akajenga, kisha kenchi zikamshukia, hawezi kunisikiliza. Hata mji wa Jamestown kwenye kisiwa cha St Helena uliliwa vibaya katika karne ya 19, na waliofanya kazi hiyo waliletwa na mbao za meli ya watumwa iliyokamatwa na kubomolewa hapo. (Meli ya namna ile kuacha laana nyuma yake hakunishangazi.) Lakini angalieni na tulivyomjibu. Kwa miongo kadhaa tulimwagia misingi yetu aldrini, dieldrini na klorideni, sumu ambazo mwaka 2001 ziliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm zikomeshwe duniani, kwa sababu hazivunjiki. Zinakaa udongoni, zinapanda kwenye chakula, zinahamia kwenye mafuta ya mwili na maziwa ya mama. Mchwa anakula mlango wako anaumaliza. Sisi tukamwaga kitu ambacho hakuna kiumbe anayejua kukimaliza, tukajiita wasafi.

Na sasa nifike kwenye tusi linaloniuma. Tanzania na Kenya, mtu akifuja mali ya umma tunasema ni mchwa. Mchwa wa halmashauri, mchwa wa ushirika, mchwa wanaotafuna fedha za maendeleo. Wanasiasa wanalipenda neno hilo, na mara nyingine analitamka kwa hasira zaidi yule anayetakiwa kulikimbia.

Niliwahi kufuatilia jalada katika ofisi moja ya umma. Nikaenda, nikarudi, nikaambiwa leo njoo kesho, mpaka bwana mmoja mwenye huruma akaniita pembeni: jalada limeliwa na mchwa, mzee, pole sana. Nikaomba kuona. Nikaonyeshwa kabati la chuma, limesimama juu ya sakafu ya vigae. Jalada la kulia kwa langu lilikuwa zima. La kushoto zima. Vumbi lake la miaka halikuwa na alama ya kitu kupita. Mchwa aliyeingia humo alikuwa msomi: alipanda chuma, akasoma majina, akachagua jalada moja, akalila na kamba yake, akafuta nyayo, akafunga kabati kwa ufunguo. Nikampa yule bwana pole yake nami nikaondoka.

Mchwa wa kweli hawezi kufanya hivyo hata akitaka. Popote alipokula ameacha udongo. Ukitaka kumshtaki huna haja ya tume, ushahidi umebandikwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini. Tena hali akahamishia ng'ambo. Anachochukua anakirudisha palepale, kimesagwa, kimechanganywa na udongo wa chini aliouchimba, tayari kwa mmea mwingine. Huko Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, watafiti walipima wakaona, wakachapisha mwaka 2010, kwamba kadiri unavyokaribia kichuguu ndivyo miti inavyostawi na wadudu na mijusi wanavyoongezeka, na kwamba vichuguu vimejipanga kwa umbali unaokaribiana, nyika nzima ikanufaika. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2008 yalionyesha kuwa mchwa wanaweza kuondoa hadi thuluthi moja ya kinyesi cha wanyama walao majani katika eneo moja ndani ya mwezi. Fikiria Serengeti bila mzoataka huyo.

Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, alilijua hilo bila maabara. Kuanzia miaka ya 1980 alikuwa anachimba mashimo madogo kwenye ardhi iliyokauka ikawa ngumu kabisa, anatia samadi kiangazi kabla mvua hazijaanza. Samadi ilimwita mchwa, mchwa akaitoboa ardhi, mvua ilipofika maji yakazama badala ya kukimbia. Mtama ukaota, na baadaye msitu. Mwaka 2018 Sawadogo alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na aliistahili kila senti. Vibarua wake hawakualikwa.

Wala si mara ya kwanza kusahauliwa. Mwaka 1960, kule Gombe mkoani Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulivuta likiwa limejaa mchwa. Habari hiyo iliwalazimu wataalamu kufikiri upya maana ya binadamu, kwani waliamini ni mtu peke yake anayetengeneza zana. Sokwe akapata jina, Goodall akapata heshima anayostahili. Aliyeliwa hakutajwa ila kama kitoweo.

Kitoweo kizuri, nakiri. Magharibi mwa Kenya watu hupiga ngoma juu ya kichuguu, kumbikumbi wakadhani mvua imeanza, wakatoka wenyewe na mbawa zao hadi kwenye beseni. Ukiwakaanga hawahitaji mafuta, wanayo yao. Kwa hiyo mtu huyohuyo anayemlaani mchwa mwezi wa Februari, masika yakifika anamtafuna na chumvi huku akitazama taa kama wengine wanakuja.

Siombi umpishe kitandani. Tia dawa iliyoruhusiwa kabla ya kumwaga jamvi, tumia mninga au mvule kama mfuko unaruhusu, inua sanduku la vyeti kutoka sakafuni. Ninachoomba ni haki tu. Ukiambiwa kwamba jalada lako, au mfuko wa kijiji, au fedha za zahanati zimeliwa na mchwa, usibishane na mtu. Omba uonyeshwe udongo.