Ukoo wa Mikocheni Uendapo Rufiji: Mwongozo kwa Wasiojua

Masika yakishakatika na barabara kukauka, katika kundi la WhatsApp la ukoo hakosi mtu, mara nyingi baba mdogo na mara nyingi usiku wa manane, wa kuandika: "Jamani, mwaka huu tuachane na ufukwe. Twende Rufiji, tupande boti, tulale kwenye mahema." Kabla hujauliza swali, watu kumi na wanne wameshaweka dole gumba. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye dole gumba lilikuponyoka.

Michango

Dole gumba si hela. Mweka hazina ajue mapema kwamba nusu ya walioshangilia watatuma mchango Alhamisi usiku, na mmoja atasema atalipa getini. Huyo aelezwe ukweli: geti la Mtemere, la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, halipokei noti zake. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, na mtandao wa simu kule hauna haraka na mtu. Kibali nacho huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia halafu mkakaa maegeshoni kubishana nani apande gari gani, mnabishana ndani ya muda mlioulipia.

Msiambiane pia "tutakutana humohumo ndani". Hifadhi hiyo, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000.

Fulana za ukoo

Shangazi atataka fulana za kufanana. Mkubalieni, ila rangi msimwachie. Bluu iliyokoza na nyeusi ni marufuku, hata kama fundi wa Kariakoo amewapunguzia bei. Wataalamu wanaotega mbung'o hutengeneza mitego yao kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa kuwa ndizo rangi zinazomvuta mdudu huyo. Ukoo mzima uliovaa bluu, mgongoni umeandikwa "Umoja Wetu Nguvu Yetu", ni mtego unaotembea. Tofauti ni kwamba huu haumnasi mbung'o, unamlisha.

Barabara

"Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri" maana yake ni kwamba saa mbili asubuhi gari moja bado liko Mwenge linatafuta mkaa. Mbagala mtakuta foleni. Mkuranga mtasimama kununua mananasi, ambayo kila mtu atasema ni ya kwenda nayo nyumbani na yatakwisha kabla ya Kibiti. Hapo Kibiti lami inaendelea kwenda Ikwiriri, daraja la Mkapa, hadi Lindi na Mtwara. Nyinyi mnakata kulia kuelekea Mloka, na kuanzia hapo ni vumbi, mashimo na mchanga. IST ya shemeji, inayotamba Barabara ya Mwai Kibaki, hapa itajua haijui.

Wakati wa masika msiende kabisa. Mwaka 2024 mto Rufiji ulifurika, ukazamisha mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Subirini Juni hadi Oktoba.

Kupiga hema

Hema lililoandikwa "watu 6" ni la watu watatu wanaopendana. Ujifunze kulisimamisha ukiwa uani kwako, mchana, bila mkweo kukutazama.

Mkifika, baba mkubwa atachagua mahali, maana ndiye mkubwa. Jicho lake litavutwa na kijia kilichonyooka kuelekea majini: hakina mizizi wala miba, nyasi zimelazwa vizuri. Kabla hajatoa amri, inameni mkitazame. Mtaona mifereji miwili inayokwenda sambamba na tuta jembamba la udongo katikati. Hizo si alama za magurudumu ya gari. Mifereji imechimbwa na miguu ya kiboko, ya kushoto upande wake na ya kulia upande wake, usiku baada ya usiku. Mwenye njia hutoka majini giza likiingia, hula majani hata kilo 40, na hurudi kabla ya mapambazuko kwa njia ileile. Ana uzito wa tani na zaidi, na hana desturi ya kuzunguka hema.

Muulizeni askari wa kambi. Atawaonyesha sehemu yenye visiki, mbali na maji, ambayo hakuna aliyeipenda. Pigeni hapo.

Chakula

Pilau ipikwe, hilo halina mjadala. Lakini ndizi na machungwa yasilale ndani ya hema. Nyani na tumbili wanakuja kwa ndizi, na tembo harufu ya chungwa anaipata toka mbali. Zipu ya hema ni mlango kwa mtu tu. Kwa tembo ni pambo.

Choo cha usiku

Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo huenda umeme unaochajia simu yako Mikocheni umetoka kwenye maji haya haya. Hilo halitakusaidia saa nane za usiku, simu imezima na tumbo linadai. Beba tochi yenye betri mpya. Mmulike kwanza, mmwite askari, ndipo mtoke. Mzee mwenye kuamka mara kwa mara apewe hema la karibu na choo, bila kutangaziwa sababu.

Boti

Hapa ndipo koo nyingi huaibika. Nahodha ni kijana mwembamba aliyevaa yeboyebo. Atamwamkia kila mzee kwa zamu, kisha atamwambia baba mkubwa, mtu aliyestaafu na cheo chake: "Mzee, naomba uvae jaketi okozi, halafu ukae hapa nyuma." Baba mkubwa atasema ameogelea Coco Beach tangu utotoni. Kijana atatabasamu na hatawasha injini.

Mkishaondoka, shangazi ataona masikio mawili na matundu ya pua juu ya maji, atapiga kelele, na ukoo wote utahamia upande mmoja kupiga picha. Boti itainama. Nahodha atasema "Kaeni" mara moja tu, na sauti yake mtashangaa imetoka wapi. Kaeni. Mikono ibaki ndani. Mamba aliyeachama ukingoni hacheki na watoto wenu. Anapunguza joto la mwili. Na mtoto anayeuliza tutaogelea saa ngapi ajibiwe: nyumbani, kwenye beseni.

Mtaona pia kijana anakata kona pasipo na kona. Fungu la mchanga lililokuwa huku mwaka jana leo liko kule, naye analijua kwa kutazama rangi ya maji na mikunjo yake. Msimfundishe njia kwa ramani ya simu.

Atakayebisha akumbushwe wageni waliotangulia. Stiegler, mhandisi ambaye korongo la mto huu lilipewa jina lake, aliuawa na tembo mwaka 1907. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji mwaka 1914. Ilizamishwa humo Julai 1915. Selous, mwindaji hodari ambaye pori lilipewa jina lake, alipigwa risasi Beho Beho Januari 1917 na kaburi lake liko hukohuko. Hakuna hata mmoja aliyekosa vyeo.

Neno la mwisho kwa baba mkubwa

Wakulima wa Rufiji, wanapolinda mpunga wao usiku, hujenga dungu: kitanda juu ya nguzo ndefu, chenye paa la makuti au nyasi. Wamezaliwa kando ya mto huu na bado hawalali chini karibu nao. Ukubwa wa ukoo unaheshimika Mikocheni, mezani na kwenye vikao vya harusi. Ukishakanyaga boti, mkubwa ni kijana wa yeboyebo, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lipeni kabla ya kufika getini, vaeni majaketi kabla injini haijawashwa, na nahodha akisema tugeuze, geuzeni bila kuitisha kikao.